Kumbukumbu za Mahakama katika Kitui na Makueni: Mahali Zilipo na Namna ya Kuziomba

Kila siku ya kazi mahakama za Kitui na Makueni hufungua milango na kuwaacha raia waingie, wakae katika viti virefu vya mbao, wasikilize jinsi Jamhuri inavyomshtaki mtu, jinsi mtu huyo anavyojitetea, na jinsi hakimu anavyopima baina ya maneno ya huyu na ya yule. Wala hapana bawabu amwulizaye msikilizaji ana uhusiano gani na kesi, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 50, imefanya kusikilizwa hadharani kuwa haki ya mshtakiwa. Lakini jioni ifikapo, maneno yale yale yaliyosemwa mbele ya watu huingia katika faili, na faili huingia katika masijala, na tangu hapo watu wengi hudhani kuwa yamekuwa siri ya serikali ambayo raia wa kawaida hana ruhusa ya kuiuliza. Dhana hiyo si sahihi, na hasara zake ni nyingi.

Mtu asiyejua kuwa kumbukumbu za mahakama zaweza kuombwa huwa windo jepesi. Huuziwa kwa fedha nyingi, na watu wasimamao karibu na lango la mahakama wakijifanya wajuzi, nakala ambayo sheria imempa bure au kwa ada ndogo. Huamini uvumi wa sokoni juu ya jirani aliyeshtakiwa wizi, asijue kuwa jirani yule aliachiliwa na hakimu miaka mingi iliyopita. Na jamaa yake akifungwa, hukaa akingoja habari ilhali siku za kukata rufaa zinapita moja baada ya moja. Nimemwandikia mtu huyo makala haya, naye ni wengi: hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta Kitui ina watu 1,136,187 na Makueni 987,653, na aghalabu ya hao hawana wakili wala hawajapata kumwajiri.

Yafaa kwanza kuondoa kosa moja lililoenea tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Katika majimbo mengi ya Marekani kaunti ndiyo yenye sherifu wake, jela yake, na karani wa mahakama atunzaye mafaili ya jinai, hata mtu atakaye habari za kesi huelekea makao makuu ya kaunti. Na vijana wetu wasomao mambo ya huko katika simu zao hudhani ndivyo ilivyo na hapa. Sivyo. Jedwali la Nne la Katiba yetu limeweka polisi na mahakama mikononi mwa serikali ya taifa, kwa hiyo gavana wa Kitui hana faili hata moja la jinai, wala ofisi za kaunti zilizoko Wote, makao makuu ya Makueni, hazina daftari la wahalifu. Hata mtu ashtakiwaye kwa kuvunja sheria ndogo za kaunti yenyewe, kama vile kufanya biashara pasipo leseni, kesi yake huingia katika masijala ya hakimu na kukaa huko.

Swali la kwanza, basi, ni kosa lilitendeka wapi, maana mahali pa kosa aghalabu ndipo paonyeshapo mahakama iliyolisikiliza. Upande wa Kitui kuna mahakama za mahakimu Kitui mjini, na Mwingi iliyo katika barabara kuu ya kwenda Garissa, na Kyuso kaskazini yake, na Mutomo kusini kwenye nchi kavu ya kuelekea Tsavo. Upande wa Makueni ziko Wote, na Tawa, na Kilungu katika vilima vyenye baridi, na Makindu katika barabara ya Mombasa, ambayo kwa sababu ya malori na mabasi yapitayo usiku na mchana haikosi kesi za trafiki. Mashtaka ya kuua kwa kukusudia hayasikilizwi na hakimu bali na Mahakama Kuu, ambayo siku hizi inakaa Kitui na Makueni pia. Lakini mtu atafutaye kesi ya namna hiyo ya miaka ya themanini au tisini asipoteze nauli yake katika miji hiyo miwili, kwa kuwa zamani Mahakama Kuu ya karibu ilikuwa Machakos, na huko ndiko watu wengi wa Ukambani, yaani nchi ya Wakamba, walikopelekwa. Kadhalika Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos mpaka mwaka 1992, hata kesi za mahakimu za kabla ya hapo, na rufaa zake, huenda zikawa na nyayo zake huko.

Akiisha kuijua mahakama, mwulizaji anahitaji kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni nambari ya kesi. Jina halitoshi. Ukambani imejaa akina Mutua na Musyoka, akina Mwende na Kavata, na majina ya ubatizo yaliyo mamoja, na karani aliyeandika jina kwa haraka asubuhi ya Jumatatu aweza kuwa aliliandika kwa herufi tofauti na zile za kitambulisho. Nambari haina udhaifu huo. Siku hizi huanza kwa herufi zinazoeleza aina ya shauri: MCCR ni kesi ya jinai ya mahakama ya hakimu, MCSO ni kosa la kujamiiana, MCTR ni trafiki, HCCRA ni rufaa ya jinai katika Mahakama Kuu; kisha huja tarakimu, na mwisho mwaka. Herufi E ikitangulia tarakimu ni alama kwamba shauri lilifunguliwa kwa njia ya mtandao.

Asiyekuwa na nambari ataipata wapi? Dawa ya shida hii imo katika karatasi moja ambayo watu wengi huikunja na kuitia mfukoni pasipo kuisoma, yaani hati ya mashtaka. Ukiitandaza mezani utaona kuwa imechapishwa kama fomu, yenye visanduku ambavyo polisi hujaza: jina la mshtakiwa, umri wake na nambari ya kitambulisho chake, kosa na kifungu cha sheria, maelezo ya kosa, yaani siku, mahali na namna lilivyotendeka, siku aliyokamatwa, na kama alikamatwa kwa hati au pasipo hati, jina la mlalamikaji, na majina ya mashahidi. Juu ya hayo yote, mahali ambapo jicho la mtu mwenye hofu halitazami, kuna nambari ya kesi ya polisi, na nambari ya OB, ambacho ni kitabu cha matukio kikaacho mezani pa kituo cha polisi, na nafasi ya nambari ya faili la mahakama. Karatasi hiyo ndiyo kiungo cha kituo na mahakama. Mwenye nambari ya OB aweza kurudi kituoni akaulizia kesi ilipelekwa wapi na siku gani, na akiwa na siku na mahakama, karani wa masijala aweza kufungua rejista ya mwaka ule na kushuka nayo mstari kwa mstari mpaka jina lipatikane.

Kuna njia nyingine pia. Kila mahakama hutoa orodha ya kesi za siku, ambayo tangu zamani hubandikwa ukutani au ubaoni ili kila apitaye aisome, na yenye nambari, majina na chumba cha kila shauri. Tarehe 11 Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome alieneza katika nchi nzima mfumo wa kufungua kesi kwa mtandao, mfumo uliokuwa umeanzia Nairobi tarehe 1 Julai 2020 katika zamani za Jaji Mkuu David Maraga, na siku ile ile ya Machi 2024 ukazinduliwa ukumbi wa mtandaoni ambamo orodha za kesi za mahakama zote husomwa. Mtu wa Ikutha, kusini mwa Kitui, aliye na simu yenye intaneti, au mwenye kijana awezaye kumsomea, hana haja tena ya kuamka alfajiri na kupanda gari ili kujua tu kama kesi ya ndugu yake itatajwa leo au la. Hiyo ni rehema kubwa, nami naitaja kwa furaha. Ila mafaili ya miaka ya nyuma hayakuzaliwa katika mtandao huo, na kwa hayo hapana budi kwenda masijala kwa miguu.

Masijala ni chumba kisicho na haiba. Kuna dirisha au kaunta, na nyuma yake makarani, na nyuma ya makarani rafu zilizosheheni mafaili yaliyopangwa kwa aina na mwaka, mengine yamefungwa kwa kamba kwa kuwa yamenenepa kupita kifuniko chake. Yule mama aliyetoka mbali na kusimama kwenye foleni tangu asubuhi akifika mbele na kusema, "Mwanangu, nataka karatasi za kijana wangu aliyefungwa," atajibiwa kwa adabu, "Mama, namba ya kesi ni gani?" na hapo mazungumzo ama yataendelea ama yatakwisha. Akiwa na nambari, hatua inayofuata ni barua fupi kwa msimamizi wa masijala au hakimu mkuu wa kituo, yenye jina lake, nambari ya kesi, anachokitaka, na sababu. Namshauri aseme waziwazi ni kipi kati ya mambo matatu: kulisoma faili palepale chini ya macho ya karani, au kupewa nakala ya hukumu peke yake, au kupewa mwenendo wote wa kesi uliopigwa chapa na kuthibitishwa kwa muhuri. Yote matatu huitwa kwa ujumla "karatasi za kesi", na wengi wameomba la tatu, ambalo huchukua muda mrefu na fedha zaidi, ilhali haja yao ilikuwa la pili. Ada ikitakiwa, hulipwa kwa njia rasmi ya serikali na risiti hutolewa. Fedha iombwayo pasipo risiti si ada ya mahakama, wala mtu asiitoe.

Faili likifunguliwa, nini humo? Mbele kabisa, aghalabu katika kifuniko, huandikwa tarehe za kesi moja chini ya nyingine, na kwa kuzitazama tu mtu huona umri wa shauri na mara lilizoahirishwa. Ndani mna hati ya mashtaka, hati za dhamana, fomu ya P3, yaani taarifa ya daktari, ikiwa kuna aliyeumizwa, maelezo ya mashahidi, vielelezo, na kisha maandishi ya hakimu mwenyewe, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa ya mkono, ya haraka, yenye vifupisho, na ambayo ndiyo roho ya kumbukumbu yote kwa sababu ndiyo yatakayosomwa na jaji wa rufaa. Jambo moja lanigusa kila nilifikiripo. Shahidi wa Kyuso au wa Kilungu husema kwa Kikamba, karani humfasiria, na hakimu huandika kwa Kiingereza. Kwa hiyo bibi aliyeeleza kwa ufasaha wa lugha yake jinsi mbuzi wake walivyochukuliwa usiku, akipewa siku moja maneno yake mwenyewe, hataweza kuyasoma. Sheria ya mwenendo wa jinai, katika kifungu cha 170, imempa mshtakiwa haki ya kuomba nakala ya hukumu bure, na akitaka, tafsiri yake katika lugha yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo. Haki ya tafsiri hiyo ni nadra kudaiwa, nami naona ni haki ya kudaiwa kwa sauti.

Mwisho wa kesi hutaka kusomwa kwa makini kuliko mwanzo wake. Makarani na mawakili husema kwa nambari za vifungu vya sheria ile ya mwenendo wa jinai, na mtu asiyezijua huondoka na habari nusu. Kesi iliyoondolewa chini ya kifungu cha 87(a) imemwacha mshtakiwa aende zake, lakini haikumsafisha, kwa sababu aweza kukamatwa tena kwa jambo lile lile. Iliyoondolewa na mlalamikaji kwa idhini ya mahakama chini ya kifungu cha 204 imemwachilia kabisa. Mlalamikaji asipofika kortini, kifungu cha 202 chaweza kutumika kumwachilia mshtakiwa. Hakimu akiona mwishoni mwa ushahidi wa Jamhuri kwamba mshtakiwa hana la kujibu, humwachilia chini ya kifungu cha 210. Na akisikiliza pande zote mbili, kifungu cha 215 ndicho kimpacho uwezo wa kutia hatiani au kuachilia. Tofauti ya nambari hizi ni tofauti ya mtu aliyesafishwa na asiyesafishwa, na anayekwenda kutafuta habari za mwenzake akarudi na hati ya mashtaka peke yake, asijue mwisho wake, amechukua tuhuma akaiita kweli. Mtu wa namna hiyo aweza kuvunja posa, kumnyima mwenziwe kazi, au kumfukuza kijijini kwa neno ambalo mahakama yenyewe ilikwisha kulikataa. Ni dhuluma, hata kama karatasi aliyoishika ina muhuri.

Kuna ugumu mwingine wa kienyeji ambao rejista hazionyeshi. Ugomvi mwingi wa Ukambani humalizwa na wazee wa ukoo, na sheria yenyewe, katika kifungu cha 176, inahimiza mapatano katika makosa madogo kama shambulio la kawaida. Pale ambapo watu walipatana nyumbani kabla ya kwenda polisi hapana faili lolote, na pale walipopatana baadaye faili litasema tu kwamba shauri limeondolewa, pasipo kutaja ng'ombe aliyelipwa wala maneno yaliyosemwa chini ya mti.

Hukumu za mahakama kubwa ni rahisi zaidi kupatikana. Baraza la Taifa la Taarifa za Sheria, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na lijulikanalo kwa wengi kama Kenya Law, huweka mtandaoni, bila malipo, hukumu za Mahakama Kuu za Kitui na Makueni pamoja na za Mahakama ya Rufaa na Mahakama ya Juu, na mtu aweza kutafuta kwa jina, kwa kituo, kwa mwaka au kwa neno. Kila hukumu mpya hupewa alama ya utambulisho, ambamo KEHC ni Mahakama Kuu, KECA ni Rufaa na KESC ni Mahakama ya Juu. Za mahakimu zilizomo ni chache mno, na hilo ndilo pengo kubwa, kwa kuwa raia mnyonge hukutana na hakimu, si jaji. Lakini kesi ya hakimu iliyokatiwa rufaa mara nyingi husimuliwa upya na jaji, shahidi kwa shahidi, hata aliyeshindwa kupata faili la Mutomo huenda akakuta kiini chake katika hukumu ya Kitui.

Faida ya uwazi huo ilionekana hapa hapa Ukambani. Tarehe 17 Mei 2022 Jaji George Odunga, akiwa Machakos, aliamua katika ombi la wafungwa sita kwamba adhabu za chini zisizopunguzika katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, kwa kumnyima hakimu nafasi ya kupima, zilipingana na Katiba. Hukumu ile ilisomwa nchi nzima, ikatumiwa na wafungwa na majaji wa vituo vingi, mpaka Julai 2024 Mahakama ya Juu ilipotamka katika kesi nyingine kuwa adhabu zile zibaki kama Bunge lilivyoziweka. Mfungwa aliyesoma ya kwanza asiisome ya pili angalijenga matumaini juu ya mchanga. Kwa hiyo atafutaye hukumu na atafute pia yaliyoifuata.

Wengi waulizao kumbukumbu za jinai hawataki kesi yoyote mahsusi, bali cheti cha tabia njema cha kumpelekea mwajiri. Hiki hakitoki mahakamani. Hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, huombwa kwa mtandao wa eCitizen kwa ada ambayo kwa muda mrefu imekuwa shilingi 1,050, na alama za vidole hupigwa katika fomu ya C24. Hapa ndipo mahakama na polisi hukutana tena: aliyepata kushtakiwa akaachiliwa, na akaona kuwa daftari la polisi bado linamwonyesha kama mtu mwenye kesi, atahitaji amri ya mahakama iliyothibitishwa ili kumbukumbu isahihishwe. Nakala aliyodharau kuichukua siku alipoachiliwa itamgharimu safari siku ya kutafuta kazi.

Ziko pia kumbukumbu zilizofungwa, na ni haki zifungwe. Habari za mtoto, awe mshtakiwa au mdhulumiwa, hulindwa na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022; mwathiriwa wa kosa la kujamiiana hatajwi, ndiyo sababu hukumu nyingi mtandaoni zina herufi za mwanzo tu mahali pa majina; upelelezi usiokwisha haumo mikononi mwa umma; na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamkataza aliyepata habari za mtu kuzitumia apendavyo. Mwanahabari au jirani apigaye picha ukurasa wa faili la mtoto na kuutawanya katika simu za kijiji hana kinga ya kusema kuwa mahakama ni ya wazi.

Mwenye hamu ya mambo ya kale ataelekea Nairobi, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyopo barabara ya Moi. Kabla ya mahakimu wa leo palikuwa na mabaraza ya wenyeji yaliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1930, kisha mahakama za Waafrika za mwaka 1951, zilizokomeshwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1967. Na taarifa za mwaka za wilaya za Kitui na Machakos, zilizoandikwa na maofisa wa kikoloni, zimo humo. Kwa nyaraka za namna hiyo mwanahistoria Katherine Luongo aliandika kitabu, kilichotoka mwaka 2011, kinachoeleza pamoja na mengine ile kesi ya mwaka 1932 ambamo wanaume 60 wa Ukambani walihukumiwa kifo kwa kumwua mwanamke waliyemtuhumu uchawi, adhabu ambayo baadaye haikutekelezwa. Lau karatasi zile zisingalihifadhiwa, tusingalijua leo washtakiwa wale walisema nini kwa vinywa vyao mbele ya jaji wa kigeni.

Na mtu akinyimwa kumbukumbu aliyoiomba, afanyeje? Mshtakiwa ana ngao nzito zaidi, kwa kuwa ibara ya 50 imempa nakala ya mwenendo wa kesi katika muda wa kiasi baada ya kumalizika, kwa ada ya kiasi. Na mtu yeyote aliyeguswa na hukumu ana kifungu cha 392 cha sheria ya mwenendo wa jinai. Raia mwingine ana ibara ya 35 na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo inamtaka ofisa ajibu katika siku 21, au katika saa 48 ikiwa habari yahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika ni wajibu wa ofisa kumwandikia. Akikataliwa pasipo sababu ya haki, mlango wa Tume ya Haki ya Utawala u wazi, na malalamiko juu ya watumishi wa mahakama yana ofisi yake maalumu katika Idara ya Mahakama. Kwa mfungwa liko jambo jingine, ambalo kila familia inapaswa kulijua: rufaa ya jinai hukatwa katika siku 14, lakini kifungu cha 349 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinaiamuru mahakama kuipokea rufaa iliyochelewa ikiwa kilichoichelewesha ni kukosa nakala ya hukumu na ya mwenendo katika muda wa kiasi baada ya kuiomba. Neno zito hapo ni kuiomba. Aliyepeleka barua ya maombi siku ya hukumu, akabaki na nakala yake yenye muhuri wa kupokelewa, ana la kumwonyesha jaji, aliyenyamaza hana.

Faili halidumu milele. Sheria ya kuondosha kumbukumbu, Sura ya 14, huruhusu mahakama kuteketeza mafaili yaliyopitwa na wakati kwa idhini ya Jaji Mkuu, baada ya tangazo kutolewa katika Gazeti Rasmi la serikali, ambalo hutoka kila Ijumaa, likitaja kituo, aina za kesi na miaka yake, na kuwaita wenye vielelezo waje kuvidai. Nani husoma matangazo hayo huko Tawa au Kyuso? Na hata hivyo yana uzito. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika shauri la Muruatetu, ilitamka kuwa adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la kuua ni kinyume cha Katiba, na wafungwa waliohukumiwa miaka mingi iliyopita, wakiwemo wa wizi wa kutumia nguvu ambao walisikilizwa na mahakimu, wakaanza kurudi mbele ya majaji kuomba adhabu zao zipimwe upya, mpaka mahakama hiyo ilipofafanua Julai 2021 kwamba uamuzi wake ulihusu kosa la kuua peke yake. Kila mmoja wao alihitaji karatasi za kesi yake ya zamani, ili jaji ajue kosa lilitendekaje na nini kilisemwa kabla ya adhabu kutolewa. Kwa hiyo mwenye jamaa gerezani, hata kama rufaa zake zote zimekwisha, na alisome tangazo la mahakama ya kwao linapotoka. Muda wa kungoja uliotajwa humo, ambao kwa kawaida ni miezi mitatu, watosha kwenda masijala, kuomba orodha ya mafaili yatakayoteketezwa, na kutoka na nakala iliyothibitishwa kabla faili halijaondoka katika rafu.